"Gari la Michezo": Tafsiri Isiyomfaa Mnunuzi

Tumesoma tafsiri ya hati moja ya mauzo imruhusuyo mnunuzi "kujaribu gari la michezo la wazi la mtumba". Twaisifu kwa kuepuka maneno ya kigeni; lakini istilahi hupimwa kwa masikio ya msikilizaji. Msomee mkulima wa tumbaku wa Inyonga, mkoani Katavi: "gari la michezo" kwake ni lipelekalo wachezaji uwanjani, "la wazi" ni lori lisilo turubai, na "mtumba" ni mzigo uliofungwa, mfano wa robota.

Kasoro kubwa zaidi imo katika "kujaribu". Je, mnunuzi atawasha injini tu, ama ataliendesha barabarani, apime breki na usukani, akunje na kukunjua paa? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Neno legelege laweza kumponza mtu.

Twapendekeza: "kuliendesha kwa majaribio gari dogo la kasi, lenye paa la kukunja, lililokwisha kutumika". Ni maneno mengi, lakini hayampotoshi mtu.