Sifa ya Anayejua Kuondoa

Kusakinisha hakukosi mashahidi. Seva mpya ikifika Katesh au Mbulu mjini, watu husogea kuona taa zake zikiwaka. Siku ya kuondoa mfumo wa zamani haji mtu, na hiyo ndiyo siku ufundi wa mtu wa TEHAMA unapopimwa.

Chukua kanzidata ya SQL Server. Mashine moja yaweza kubeba instansi kadhaa, kila moja na jina lake na huduma zake, huku vipengele vingine vikitumiwa na zote. Fundi anaagiza moja iondolewe. Kazi inafika katikati, inagoma, linatokea kosa 1612: chanzo cha usakinishaji hakipatikani. Mwenye papara hufuta folda kwa mkono, akafyeka na rejista ya Windows. Jina la instansi hubaki kwenye orodha bila mwili, au instansi jirani iliyokuwa nzima nayo ikaanguka.

Mwenye subira hufungua kwanza Summary.txt, faili ya kumbukumbu za usakinishaji, asome ni kipengele kipi kilichokwama. Mara nyingi kosa lenyewe lilianza miaka ya nyuma: mtu aliishiwa nafasi kwenye diski, akaikuta folda ya Installer ndani ya Windows imejaa faili zisizoguswa na yeyote, akazifuta. Kumbe ni faili zile Windows inazozihitaji siku ya kurekebisha au kuondoa programu. Dawa ni kuzirudisha kutoka kwenye diski ya usakinishaji ya toleo lile lile, kuwasha mashine upya, kisha kuondoa kwa utaratibu.

Wilaya ya Hanang inalijua kosa la namna hii, tena kwa gharama kubwa. Miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilifungua mashamba ya ngano nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada. Kwa macho ya wapangaji, malisho ambayo wafugaji wa Kibarabaig walikuwa wameyapumzisha yalikuwa ardhi tupu. Kumbe yalikuwa na zamu yake katika mzunguko wa mifugo, na humo walilala wazee wao. Makaburi mengine yalipitiwa na plau. Kijiji cha Mulbadaw kiliishitaki NAFCO, shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na kijiji kikashindwa. Faili hailingani na kaburi. Jicho lililokosea ndilo lile lile: lilidhani kisichotumika leo hakina mwenyewe.

Kwa hiyo namsifu fundi anayeuliza kabla ya kufuta: ni mhasibu gani bado anachapa ripoti kutoka humu? Hata uondoaji ukifaulu, faili za data hubaki zilipokuwa. Yeye huzihamishia mahali salama, akaandika ziko wapi na aulizwe nani. Ofisi zetu hutenga fungu la kununua mifumo. Zitenge na la kuiondoa, maana saa nyingi za fundi huyu huishia katika kuwatafuta wenyewe.