Tezo Nyuma ya Sanamu

Sifa za uchongaji wa Kimakonde zimekwisha kuimbwa mno, humu nchini na ng'ambo. Vitabu vyenye picha za kuvutia vimechapwa, wachuuzi wamepata utajiri, na wageni mashuhuri wamezawadiwa vinyago kama kumbukumbu ya Taifa letu. Hata hivyo ni nadra kukuta ukurasa mmoja unaoeleza habari za tezo, patasi na tupa zilizokitoa kinyago hicho katika gogo. Katika makala haya tunakusudia kutetea rai moja: kwamba zana za mkono za mafundi wa Masasi na Newala ni sehemu ya sanaa yenyewe, wala si vyombo tu vya kuifikia, na kwamba namna tunavyozikusanya na kuzitengeneza, pale tunapojaliwa kuzikusanya, inaweza kuziharibu kuliko kutu.

Tuanze na tezo. Tezo ya kienyeji haina tundu katika chuma chake kama lilivyo shoka la dukani. Bapa lake hufuliwa likaishia nyuma kwa ncha nyembamba, na ncha hiyo hupenyezwa katika kichwa kinene cha mpini kilichotobolewa kwa chuma cha moto. Kichwa hicho aghalabu hukatwa mahali tawi linapoungana na shina, kwa sababu nyuzi za mti hapo zimesokotana na hazipasuki upesi. Kila pigo huikaza ile ncha zaidi. Haitaki kabari wala msumari. Fundi akitaka kuitoa huigonga kutoka nyuma, na akilizungusha bapa robo duara, tezo imekuwa shoka dogo. Mwanafunzi wa fizikia aichore zana hii katika daftari lake na ajaribu kuonyesha nguvu zinapopita. Ataona kwamba waliotangulia walikuwa wamelifikiri jambo hili mpaka mwisho.

Aliyefua bapa hilo ni mhunzi, na chuma chake kina historia yake. Katika karne ya 20 mhunzi hakuwa na haja tena ya chuma cha kuyeyushwa katika tanuri za udongo, maana chuma kilikuja chenyewe kwa sura nyingine: springi za malori, tupa zilizokwisha meno, nondo za majengo. Kaskazini ya Masasi, huko Nachingwea, Waingereza walianzisha mwaka 1947 sehemu ya mpango wao wa karanga, wakaufuta mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka bandari ya Mtwara nayo ilifungwa mapema katika miaka ya 1960. Mipango ya wakubwa huanguka, chuma hubaki. Springi iliyobeba mizigo ya mkoloni ikawa patasi mkononi mwa mchongaji, na hapo ndipo ilipofanya kazi ya maana.

Sasa tuje katika uhakiki. Vinyago vya kuvaliwa katika ngoma ya midimu huchongwa kwa mti mwepesi, na sababu yake ni ya wazi: mtu hawezi kucheza kwa saa nyingi akiwa amebeba gogo zito usoni. Mti mwepesi hukubali kisu na tezo ndogo. Mpingo ni habari nyingine kabisa. Uzito wake ni wa kuzama majini, na ugumu wake huyala makali ya chuma kabla ya adhuhuri. Soko la sanamu lilipokua, na wachongaji wengi wa upande wa Msumbiji walipovuka Ruvuma, wengine wakifuata kazi katika mashamba ya mkonge, wengine baadaye wakikimbia vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974, mpingo ukawa ndio mti wa fundi. Mti ulipobadilika, zana nazo zilibidi zibadilike. Patasi ziliongezeka, za bapa na za mviringo. Tupa ikawa ya lazima. Msasa ukachukua muda mrefu kama uchongaji wenyewe. Na zana zilipobadilika, sanaa haikuweza kubaki ilivyokuwa.

Jambo hili wahakiki wetu wamelipita upesi. Mtindo wa shetani, ambao wengi huuhusisha na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, umeelezwa kwa ndoto, kwa mizimu, na kwa tamaa ya wanunuzi wa Kizungu. Husimuliwa kwamba ulianza pale mkono wa sanamu ulipovunjika, na fundi badala ya kuitupa kazi yake akaigeuza kuwa kiumbe cha namna nyingine. Iwe kweli au iwe hadithi ya dukani, masimulizi hayo yanatufunza juu ya zana: mpingo haukunjiki, ukipigwa patasi vibaya hukatika ghafula, na fundi hana budi kupatana na kilichobaki. Vivyo hivyo katika sanamu za ujamaa, zile za watu wengi waliopandana katika gogo moja, ambazo mwanzo wake hutajwa pamoja na jina la Yakobo Sangwani. Tumesoma mengi kuhusu umoja na udugu unaoonyeshwa na sanamu hizo, na hatukatai. Lakini kuna sababu nyingine ya watu wale kuegemeana na kushikana mabega: katika mpingo, kiungo kinachoachwa peke yake ndicho kitakachovunjika. Na ili kuutoa mti ulio baina ya mwili na mwili bila kuwagusa waliomo, fundi anahitaji patasi ndefu nyembamba ambayo haiuzwi katika duka lolote. Huagizwa kwa mhunzi, au fundi huifua mwenyewe. Mhakiki asiyeijua patasi hiyo ameisoma nusu tu ya sanamu.

Kama zana zina uzito kiasi hicho, yafaa tuulize zimekwenda wapi. Mwaka 1906, moshi wa Vita vya Maji Maji ukiwa haujatulia, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti na nyingine ya kupiga picha za sinema, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 kingali kinasomwa. Hatumnyimi sifa ya bidii. Aliyaangalia hata mambo ambayo wengine wa wakati wake hawakuyajali, kama vile ufinyanzi wa wanawake wa Newala na utengenezaji wa nguo za magome. Lakini vitu hivyo viliondoka chini ya ulinzi wa dola iliyokuwa ndiyo kwanza imewapiga wananchi, na kwa desturi ya wataalamu wa siku zile kitu kiliandikiwa jina la kabila, si la mtu. Tezo ikawa tezo ya Wamakonde, kana kwamba kabila zima liliushika mpini kwa pamoja.

Tungependa kusema kwamba desturi hiyo ilikwisha pamoja na ukoloni. Haikwisha. Tazama kadi katika vyumba vingi vya maonyesho, hata vya shule: "Tezo. Wamakonde. Mti na chuma." Nani aliifua? Nani aliitia mpini, na mara ngapi? Ilichonga nini? Huko Marekani liko sanduku la zana la fundi wa piano aitwaye Studley, ambalo limewahi kuonyeshwa katika makumbusho ya taifa lao, na watu wamewahi kusafiri kwenda kulitazama. Sanduku hilo linajulikana kwa jina la mwenyewe. Fundi wetu hakosi ustadi wa kustahili heshima hiyo, anakosa mwandishi.

Masanduku tunayo. Misheni ya Kianglikana ilianzishwa Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Misheni zilihitaji milango, madawati na mapaa, kwa hiyo zilihitaji maseremala, na seremala aliyehitimu alihitaji sanduku. Ukilifunua sanduku la namna hiyo unaona historia imepangwa kwa tabaka. Juu ziko randa na msumeno, zenye muhuri wa kiwanda cha Ulaya. Chini yake keekee, futi ya kukunja na pima maji. Chini kabisa, zikiwa zimefungwa katika kitambaa chenye mafuta, ziko patasi za springi zilizofuliwa papa hapa, na hizo ndizo zilizochakaa zaidi. Mipini ina herufi zilizochomwa kwa msumari wa moto: mara nyingine herufi za watu wawili au watatu, za mwisho juu ya za kwanza, kwa maana sanduku lilitoka kwa mwalimu likaenda kwa mwanafunzi wake.

Masanduku haya sasa yanakwisha. Wajukuu hawachongi wala hawarandi; mashine ya umeme imefika mjini; na mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake. Tufikirie hesabu yake kidogo. Patasi iliyonolewa kwa miaka 30 imepungua urefu, imepungua uzito, na kwa hiyo bei yake ni ndogo kuliko ya kipande cha nondo. Kwa mizani ile, kazi yote ya maisha ya mtu ni hasara.

Ndiyo maana tunawapongeza walimu na vijana wanaojaribu kuziokoa zana hizi. Lakini upo uokoaji unaoua. Mtu hupata tezo yenye kutu, akaipeleka kwenye jiwe la mashine, akaing'arisha kama kijiko cha hotelini, akaupiga mpini vanishi. Amefuta nini? Amefuta alama za nyundo ya mhunzi, weusi uliotokana na kiganja, na ule upande mmoja wa makali ulioliwa zaidi, ambao ungetuambia kwamba mwenyewe alitumia mkono wa kushoto. Tena jiwe la mashine hupasha chuma moto, na bapa likigeuka rangi ya buluu ugumu wake umekwisha. Haitakuwa tezo tena, hata ikipendeza machoni.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Kutu hulainishwa kwa mafuta kwa siku kadhaa, kisha huondolewa kwa kitambaa na msasa laini, mpaka pale chuma kizima kinapoonekana, si zaidi. Mpini husafishwa kwa kitambaa kikavu na kupakwa mafuta kidogo. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa. Mafuta ya maganda ya korosho huzuia wadudu katika mbao, na korosho Newala si ya kutafutwa, ila mafuta hayo huchoma ngozi. Wanafunzi wasiyaguse bila mwalimu.

Hapa lakini tunakutana na swali gumu zaidi. Kwa mkusanyaji wa Ulaya, zana ya asili ni ile ambayo haikubadilishwa kitu. Kwa fundi wa Uwanda wa Makonde, zana ambayo haikubadilishwa kitu ni zana isiyofanya kazi. Mpini ukivunjika hutiwa mwingine. Bapa likiisha hurudi kwa mhunzi likawa kisu. Kisu kikiisha kikawa ncha ya kutobolea. Tezo iliyopata mpini wa nne ni tezo ile ile, na mwenyewe atashangaa ukimwambia vingine. Tukiitafuta zana "halisi" kwa kipimo cha kigeni tutakusanya zile tu zilizolala bila kutumika, yaani zile ambazo hazikupendwa. Rai yetu ni kwamba mpini mpya usiondolewe ili kutafuta wa kale, na kwamba kila matengenezo yahesabiwe kuwa ni ukurasa wa habari zake.

Tena tusifungwe na chuma. Mfinyanzi wa Newala ana kipande cha kibuyu cha kukwangulia, gunzi la hindi, na kokoto laini ya kung'arishia chungu, ambayo huenda ilikuwa ya mama yake. Hakuna mkusanyaji wa zana anayeitazama kokoto hiyo mara mbili, na mfinyanzi akifa hutupwa uani pamoja na taka. Hatuoni kwa nini randa ya seremala iwekwe katika kioo na kokoto hii iachwe. Tunashuku sababu ni kwamba moja ni ya mwanamume, nayo ina jina la kiwanda.

Shule ya sekondari ya Masasi au Newala inayotaka kuianza kazi hii haihitaji chumba cha maonyesho. Inahitaji daftari. Mwanafunzi aende kwa mzee, amwamkie ipasavyo, aombe kuonyeshwa zana, aipime kwa rula, aichore, kisha aandike: nani aliifua, kwa chuma gani, ilipata mipini mingapi, ilitengeneza nini na kitu hicho kiko kwa nani sasa. Aandike pia jina la zana kwa Kimakonde, kwa Kimakua au kwa Kiyao, kama mzee alivyolitamka. Baada ya hapo airudishe mkononi mwa mwenyewe, maana mara nyingi tezo inayostahili zaidi kuandikwa, ile iliyonolewa hadi bapa limebaki upana wa vidole viwili, ndiyo ambayo mzee ataihitaji kesho asubuhi.