Sauti Iliyopotea katika Video Zetu

Siku hizi ni shida kupata katika Mbau arusi au maziko yasiyopigwa video. Kijana mwenye simu nzuri huitwa, hupewa chochote, kisha kazi yake hupita nyumba kwa nyumba, kutoka Oicha hata Beni na Butembo. Jambo hili twalifurahia. Lakini, wapenzi wasomaji, tumeketi jioni tatu kutazama video tatu za vijana wa hapa, nasi yatupasa kusema kweli: mbili kati yake karibu hazisikiki, na moja hata kuonekana haionekani.

Ya kwanza ni ya mzee mmoja aliyeombwa na wajukuu wake aeleze maisha yake. Mzee huyo alilima kahawa tangu ujana, akaiona ikinyauka kwa ule ugonjwa ulioangamiza mibuni ya nchi yetu katika miaka ya 1980 na 1990, akaanza upya na kakao. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipozidi katika vijiji vya Beni, aliihama nyumba yake, akarudi, akahama tena. Mambo makubwa kabisa! Basi wakamketisha mlangoni, mgongo wake ukiuelekea ua uliojaa jua, na simu ikasimamishwa ndani, hatua sita mbele yake. Huko nje jenereta ilikuwa ikinguruma. Tuliona nini? Mlango unaong'aa, na kivuli cha mtu katikati yake. Tulisikia nini? Jenereta. Tena pale mzee alipoanza kuwataja jirani zake waliouawa, mtengenezaji akaongeza kinanda juu ya maneno yake, ati atuhuzunishe. Mzee yule amekwisha kufa. Majina aliyoyataja hatukuyapata.

Hatuwalaumu vijana kwa uhaba wa vyombo, maana kosa halikutoka katika bei ya simu. Simu hupima mwanga wa picha nzima. Ikikuta ua unaong'aa, hupunguza mwanga wote, na uso wetu mweusi ulio kivulini hugeuka giza tupu. Ingetosha kumgeuza mzee autazame ua, na mpiga picha aupe ua mgongo. Na kama wangemtoa nje, wasingefanya hivyo saa sita mchana, maana sisi tulio karibu na ikweta jua latusimamia utosini, na macho ya mtu huwa mashimo mawili. Yafaa asubuhi kabla ya saa tatu, au alasiri tangu saa kumi. Lakini wasikawie, kwa kuwa giza la kwetu halipigi hodi. Shuka jeupe likishikwa na mtoto upande wenye kivuli, hurudisha mwanga usoni. Gharama yake ni sabuni ya kulifulia.

Sauti ndiyo ngumu zaidi. Mtu akizungumza nawe karibu na kinu cha kusagia mihogo, akili yako huyachagua maneno yake na kuiacha mashine. Mikrofoni haina akili hiyo, hupokea vyote sawasawa. Tena umbali ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo tu. Kwa hatua sita, mahali pa wazi, hubaki sehemu moja katika 36 ya ile iliyosikika kwa hatua moja. Basi anayesogeza mikrofoni karibu hupata faida ambayo fedha haiwezi kumnunulia.

Video ya pili ni mchezo wa vijana juu ya mjane na urithi. Wameuchezea katika chumba cha saruji chenye mabati, kila neno likirudi mara mbili. Mablanketi na mikeka ikitundikwa ukutani mahali pasipoonekana hunyamazisha mwangwi huo. Mvua juu ya mabati haina dawa ila kungoja. Vijana walionaje? Waliweka msimulizi wa kusema juu ya wachezaji, kama wafanyavyo Uganda. Twajua wameiga wapi. Sinema ya «Who Killed Captain Alex?» iliyotolewa mwaka 2010 na Isaac Nabwana, pale Wakaliga mjini Kampala, yasemekana ilitumia chini ya dola 200, nayo imetazamwa duniani kote. (Bunduki zake ni nyingi mno kwa mapenzi yetu.) Mle ndani msimulizi VJ Emmie huongea bila kupumzika, na watu hucheka. Lakini ile ni sinema ya kuchekesha, na maneno yake husikika wazi. Mjane wetu yeye ana shauri la kutoa mbele ya ndugu za mumewe, nasi tulitaka kumsikia yeye mwenyewe. Msimulizi amemnyang'anya neno, kama shemeji zake walivyomnyang'anya shamba.

Ya tatu twaisifu. Mama mmoja aonyesha jinsi ya kuivisha kakao: kuifunika kwa majani ya ndizi, kuigeuza kila siku ya pili, kisha kuianika. Vijana walimketisha chini ya ukingo wa paa, ambapo mwanga ni mpole. Simu ya pili waliificha katika kitenge chake kifuani, ipokee sauti peke yake. Wakapiga kofi moja mbele ya zote mbili, ili baadaye walinganishe sauti na picha kwa kofi lile. Picha yatikisika, na sehemu ya kuanika ni ndefu mno. Dakika nne za turubai zatosha kumlaza mtu. Lakini kila neno la mama twalisikia, hata pumzi yake akiinama.

Vijana hao hao wamepanga kumpiga video katekista mmoja mzee. Tumewaomba wafanye asubuhi, na jenereta izimwe. Wao wamekubali, mwenye jenereta bado.