Picha za Makanisa Yaliyobomoka

Siku moja nilimwonyesha mzee mmoja wa kanisa letu hapa Somanda kitabu chenye picha za magofu ya makanisa ya Ulaya. Akaitazama ile ya kwanza kitambo kirefu, kisha akaniuliza, “Mwalimu, Wakristo wake walihamia wapi?” Kwetu swali hilo ni la desturi. Mtu akiona ua wa minyaa usio na nyumba ndani yake, hujua ya kuwa hapo ni mahame, naye huuliza habari za wenyewe. Nyumba hazidumu, ukuta wa udongo ukikosa paa, mvua za miaka michache huurudisha kuwa kichuguu.

Picha za namna hii zilipendwa mno Uingereza na Ujerumani tangu mwisho wa karne ya 18. Mashuhuri ni zile za Tintern, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1131 kando ya mto Wye, katika nchi ya Wales. Kwa ufundi wake nazisifu. Nyingine zilichapwa hivi: fundi alinyunyiza unga wa utomvu juu ya bamba la shaba, akalipasha moto ili unga ushikamane, kisha akatia asidi. Asidi ikaila shaba katikati ya chembe zile, na wino ulipopakwa ikatoka rangi laini ya kijivu, mithili ya ukungu wa alfajiri. Sijui njia iliyofaa kupita hiyo kwa kuonyesha mwanga hafifu ukiingia katika dirisha lisilo na kioo, na mitambaazi ikining'inia juu ya matao. Watu, wakiwapo, mara nyingi ni wadogo kama sisimizi. Wamewekwa ili tujue urefu wa nguzo.

Lakini swali la mzee halikujibiwa. Tintern haikuanguka kwa uzee. Mwaka 1536, katika utawala wa Mfalme Henry VIII, watawa waliondolewa na mali yao ikatwaliwa. Mabamba ya risasi yaliyoezekwa juu yakang'olewa, ndipo mvua ikapata njia. Picha zatuonyesha kazi ya mvua na ya majani tu, kana kwamba hapana mkono wa mtu uliotangulia.

William Gilpin, padre aliyekuwa pia mwalimu wa shule, alifika huko mwaka 1770, na mwaka 1782 akatoa kitabu cha safari ile chenye picha. Aliona kuta za pembeni zimenyoka kupita kiasi, akaandika kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingeweza kuzipendezesha, ila nani angethubutu? (Mwalimu mwenzangu huyu amenistaajabisha.) Lakini yeye yule alieleza pia habari za maskini waliokaa katika vibanda kati ya magofu wakiomba sadaka. Mwanamke mmoja mgonjwa, aliyejikokota kwa fimbo mbili, aliahidi kumwonyesha maktaba ya watawa. Akampeleka penye viwavi na miiba, akamwonyesha pango baina ya kuta zilizovunjika: kumbe ndiyo nyumba yake mwenyewe! Hakuwa na maktaba ya kuonyesha, alikuwa na umaskini wake. Mwanamke huyo yumo katika maneno ya kitabu. Katika picha hayumo. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la picha hizi, nalo ni zito kuliko kosa la mkono.

Wala si la Ulaya peke yake. Kilwa Kisiwani, mji ulioshambuliwa na Wareno mwaka 1505, wako wavuvi na wakulima wanaoishi jirani na ule Msikiti Mkuu wa kale. Hata hivyo picha nyingi nilizoziona zina matao matupu.

Moja naitenga. Mjerumani Caspar David Friedrich alichora kwa rangi za mafuta, mwaka 1809 na 1810, gofu la kanisa katika msitu wa mialoni isiyo na majani, akiiga magofu ya Eldena. Eldena nayo ilikuwa imepoteza watawa wake tangu karne ya 16. Hata hivyo yeye amewarudisha: wanapita katika theluji kati ya makaburi, wamebeba jeneza, wanaelekea mlango usio na nyumba nyuma yake. Nilipofunua ukurasa huo, mzee hakuuliza walikohamia. Aliinamisha kichwa karibu, akawahesabu kwa kidole, akasema, “Hawa wanakwenda kuzika.”