Mkono Unaoinua Karatasi ya Buluu

Ibara ya 180 ya Katiba ya Kenya ni fupi. Inasema gavana wa kaunti atachaguliwa moja kwa moja na wapiga kura waliosajiliwa katika kaunti hiyo, siku ile ile ya uchaguzi mkuu, yaani Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, na hakuna anayeshika kiti hicho zaidi ya mihula miwili. Ni maneno ya kusomwa kwa dakika chache. Kuyatimiza katika darasa moja la shule, Tarasaa, huchukua mchana na usiku wake, na wanaoyatimiza ni watu ambao majina yao hayaandikwi magazetini.

Afisa msimamizi wa kituo niliyemtazama mwaka 2022 ni mwanamke, mwalimu, na mawakala wa wagombea walimwita hivyo tu: Mwalimu. Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili, madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani na vibanda vya kupigia kura vimesimamishwa mahali ambapo mtu wa nje hawezi kuchungulia. Masanduku sita yalikaa kwa safu, miili yake ya plastiki inayoonyesha ndani, kila moja na kifuniko cha rangi yake: nyeupe ya Rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, na mawili ya mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi.

Alianza na la kwanza. Alilinyanyua, akaliinamisha kuelekea kwa mawakala, akaingiza mkono na kuupitisha pembe zote. “Tazameni wenyewe,” akawaambia. Kisha akafunga kifuniko na kupitisha vifungo vya plastiki vyenye nambari, vile ambavyo vikishakazwa havifunguki mpaka vikatwe. Nambari alizisoma tarakimu moja moja, akangoja kalamu za mawakala zisimame, ndipo akasoma ya pili. Akafanya hivyo kwa masanduku yote sita, kwa sauti ile ile, ingawa foleni nje ilikuwa imeshaanza kunung’unika. Nambari hizo hizo zikaingia katika shajara ya kituo. Jioni zingesomwa tena, na kama moja isingelingana, kazi yote ya mchana ingekuwa na shaka. Ndiyo maana hakuharakisha.

Watu wakaanza kuingia. Tarasaa iko kwenye Delta ya Tana, eneo bunge la Garsen, na foleni yake ni delta yenyewe: Wapokomo waliotoka mashambani kwa maembe na mpunga, Waorma na Wardei walioacha ng’ombe kwa watoto, Wagiriama, wafanyabiashara. Karani wa kwanza aliweka kidole cha kila mmoja kwenye KIEMS, kifaa cha kumtambua mpiga kura, jina na picha vikatokea. Karani wa karatasi alizipiga muhuri, akazikata kwenye vishina, akazikunja ili mwenyewe aone namna ya kuzikunja baadaye. Wa mwisho alichovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto katika wino usiofutika.

Mzee mmoja alikwama kwenye kifaa. Kidole gumba hakikusomeka, cha shahada hakikusomeka. Mwalimu akaacha meza yake akamjia.

“Baba, tujaribu hiki cha kati.”

“Vidole vya jembe hivi, mwanangu. Vimelika.”

Akavipangusa kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, akajaribu vyote. Vilipokataa, sheria ilikuwa na njia: jina likatafutwa kwa nambari ya kitambulisho, picha ikalinganishwa na uso, fomu maalumu ikajazwa mbele ya mawakala. Dakika zikapita. Mzee hakuambiwa asogee kando asubiri, wala hakuambiwa arudi baadaye. Katiba inasema raia ana haki ya kupiga kura. Siku ile haki hiyo ilitegemea mwanamke mwenye kitambaa na subira.

Foleni ikiwa ndefu mtu hupata muda wa kukumbuka. Kitendo hiki cha wananchi kumchagua mkuu wao wa kaunti ni kipya mno. Katiba ya uhuru ya 1963 iliipa nchi majimbo, na Pwani ikawa na bunge lake la jimbo chini ya Ronald Ngala kama rais wake, lakini yeye hakuchaguliwa na watu moja kwa moja; wajumbe ndio waliomweka. Mfumo huo ukavunjwa kabla haujaota mizizi, na Desemba 12, 1964 Kenya ikawa jamhuri yenye Rais mwenye nguvu zote. Tangu hapo aliyeiongoza Tana River kwa niaba ya serikali alikuwa mkuu wa wilaya aliyeletwa kwa barua kutoka Nairobi, na alihamishwa kwa barua vilevile. Mkulima wa Ngao au mfugaji wa Garsen hakuwa na karatasi yoyote ya kumwekea alama.

Kiti cha Rais nacho kilikuwa na safari yake. Kuanzia 1969 hadi 1988 hakuna aliyempinga Rais kwenye karatasi ya kura, na kifungu cha 2A, kilichoingizwa mwaka 1982, kiliifanya KANU kuwa chama pekee kwa sheria. Kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata mshindi alitakiwa kupata angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Katiba ya 2010, iliyopitishwa na wananchi Agosti 4 na kuzinduliwa Agosti 27, ikapandisha kizingiti: zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Kwa gavana haikuweka masharti hayo, wingi wa kura unatosha.

Lakini wenye umri Tarasaa wanakumbuka zaidi mlolongo wa 1988. Katika uteuzi wa KANU watu walipanga foleni nyuma ya picha ya wampendaye, hadharani, jirani akimwona jirani, chifu akiwaona wote. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kupingwa. Na hesabu? Hesabu ilikuwa kinywani mwa msimamizi. Foleni ikishatawanyika hapakuwa na cha kuhesabu tena, na palikuwa na mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Uamuzi wa mtu ulikuwa wazi na hesabu ikawa siri. Kazi ya Mwalimu ni kinyume chake kamili, na nadhani hilo ndilo jambo kubwa Wakenya wamelijenga katika uchaguzi: alama iwe siri ya mtu mmoja, hesabu iwe mali ya kila aliye chumbani.

Saa kumi na moja jioni lango likafungwa, na waliokuwa ndani ya foleni wakapiga kura hadi wa mwisho. Mwalimu akaziba tundu za masanduku. Kabla ya kugusa kura hata moja alifanya mahesabu ya karatasi tupu: zilizopokewa ngapi, zilizotumika ngapi, zilizoharibika na kurudishwa ngapi, zilizobaki ngapi. Zilizobaki zikatiwa bahasha na kufungwa. Wapo wanaoliona jambo hili kama urasimu. Mimi naliona kama fundi anayepima mbao zote kabla ya kushika msumeno.

Meza zikaunganishwa, taa zikawashwa, wadudu wa mtoni wakaja. Sanduku la Rais hufunguliwa kwanza, na zamu ya la buluu ilipofika usiku ulikuwa mkubwa. Akasoma nambari za vifungo, mawakala wakalinganisha na walichoandika alfajiri, akavikata. Karatasi zikamwagwa katikati ya meza.

Namna yake ya kuhesabu ningependa kila Mkenya aione. Alichukua karatasi moja, akaikunjua kwa mikono miwili, akageuza mgongo kuhakikisha muhuri upo. Kisha akaigeuza mbele, akainua hadi usawa wa macho, akaizungusha polepole kutoka wakala wa kushoto hadi wa kulia, na pale tu alipokwisha kuizungusha ndipo akataja jina la mgombea. Hakutaja kabla. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akanijibu kwamba akitaja kwanza, watu wataona alichosema badala ya kuona kilichoandikwa. Karatasi ikaenda kwenye fungu lake, karani akachora mstari, mawakala wakachora yao. Akachukua nyingine.

Zilikuwa mamia. Kituo kimoja kwa kawaida hakizidi wapiga kura 700, kiwango kilichowekwa ili kazi ya namna hii iwezekane kwa usiku mmoja. Mkono wake haukushuka. Karatasi ya mwisho ilizungushwa nusu duara ile ile kama ya kwanza.

Zenye utata ndizo zilizoonyesha ufundi. Moja ilikuwa na alama kwa wagombea wawili: ikakataliwa, kila mtu akakubali. Nyingine ilikuwa na alama ya vema badala ya mkasi, imevuka kidogo mstari wa kisanduku. Wakala mmoja akasema, “Mwalimu, hiyo imeharibika.” Mwingine akasema ni nzuri. Mwalimu akaiweka chini ya taa, akaeleza kanuni: kama nia ya mpiga kura iko wazi, na hakuna kitu kinachomtambulisha, kura ni halali hata alama ikiwa si mkasi. Akawauliza, “Nia yake mnaiona wapi?” Wote wakaonyesha mahali pamoja, hata yule aliyepinga. Ikahesabiwa. Iliyokuja na jina la mpiga kura limeandikwa kwa wino haikuwa na mjadala. Kura isiyo siri hukataliwa. Kila iliyokataliwa iliandikwa sababu yake.

Utulivu huo haukupatikana bure. Agosti 22, 2012, katika kijiji cha Riketa humu humu delta, zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, na mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yakaendelea hadi Januari 2013. Machi 4, 2013, vidonda vikiwa vibichi, watu wa delta walipanga foleni na kumchagua gavana wa kwanza wa Tana River, Hussein Dado. Wakala wa Kipokomo na wakala wa Kiorma wanapoitazama karatasi moja chini ya taa moja na kuona jambo moja, hilo kwangu ni kazi ya amani kuliko warsha nyingi nilizohudhuria.

Ikabaki fomu. Ya gavana ni 37A. Aliandika kura za kila mgombea kwa tarakimu na kwa maneno, akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, akaongeza zilizokataliwa, akalinganisha na idadi ya waliotambuliwa na kifaa. Kanuni zinamruhusu wakala aombe kura zihesabiwe upya, si zaidi ya mara mbili, hakuna aliyeomba. Wakatia saini. Kila wakala akapewa nakala, na nyingine ikabandikwa mlangoni kwa umma.

Nakala hiyo ya mlangoni ina historia. Hadi 1997 masanduku yalibebwa kwenda kuhesabiwa mbali, na njia ilikuwa ndefu. Mwaka 2002 kura zilihesabiwa kwa mara ya kwanza vituoni. Bado 2007 matokeo yaliharibikia juu, kwenye ujumlishaji, na tume ya Jaji Johann Kriegler ikasema mwaka uliofuata kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Juni 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, ilisema hesabu ya kituoni ni ya mwisho, hakuna wa ngazi ya juu anayeweza kuibadilisha. Septemba 1 mwaka huo huo Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, na miongoni mwa sababu zilikuwa fomu zenye kasoro na namna zilivyotumwa. Mwaka 2022 picha za fomu za urais kutoka vituo 46,229 ziliwekwa wazi kwenye mtandao ili yeyote azijumlishe. Kwa ufupi, nchi ilichukua miaka mingi kuufikia uamuzi ambao Mwalimu anauishi: ukweli wa uchaguzi uko chumbani, mahali ambapo karatasi iliinuliwa.

Kutoka hapo fomu za buluu hujumlishwa Garsen katika 37B, kisha ngazi ya kaunti katika 37C, na msimamizi wa uchaguzi wa kaunti ndiye anayemtangaza gavana. Kamera huwa huko.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Dhadho Godhana, aliyechaguliwa gavana 2017 na tena 2022, atakuwa amemaliza mihula miwili, kwa hiyo Ibara ya 180 inailazimu Tana River kumchagua mtu mwingine. Wewe wa Tarasaa, wa Ngao, wa Kipini, wa Garsen: ukishapiga kura usiishie hapo. Rudi asubuhi kituoni kwako, simama mlangoni, soma 37A iliyobandikwa, unakili tarakimu zake, kisha uzilinganishe na zitakazosomwa kwenye ujumlishaji. Na ukimkuta afisa msimamizi wa kituo bado anafunga bahasha zake, macho mekundu kwa kukesha, mpe mkono umshukuru.