Tertio Naye Atajwe

Mwisho wa filamu huandikwa kwamba muziki umetungwa na fulani, nasi hudhani huyo ndiye aliyeandika kila nota tuliyoisikia. Mara nyingi sivyo. Mtunzi huja na tuni na mawazo yake. Kisha mpangaji huiandalia okestra karatasi zake, kila ala na nota zake: hapa fidla, pale tarumbeta, na hapa wote wanyamaze.

Kiasi cha msaada huo hutofautiana. Ennio Morricone wa Italia alipanga ala zake mwenyewe, hata katika filamu ya The Mission ya mwaka 1986. John Williams, katika Star Wars ya 1977, aliandika rasimu zenye maelezo mengi, naye Herbert Spencer akazikamilisha kwa ajili ya okestra. Charlie Chaplin hakujua kusoma wala kuandika nota. Alipotengeneza Modern Times, iliyotoka 1936, alikuwa akiimba kwa mdomo au kubonyeza piano, na kijana David Raksin, pamoja na Edward Powell, wakayageuza hayo kuwa muziki wa okestra. Raksin alibishana na mkubwa wake hata akafukuzwa, kisha akarudishwa.

Je, Chaplin aliiba sifa? Sioni hivyo. Tuni yake ya huzuni, ambayo mwaka 1954 ilitiwa maneno ikawa wimbo uitwao Smile, ni nyepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kuiimba. Tuni ya namna hiyo haipatikani kwa elimu ya nota peke yake. Lakini katika filamu inatugusa pia kwa sababu fidla zinaibeba taratibu, bila kuilemea. Anayesema Chaplin hakutunga anakosea. Anayesema alitunga peke yake anakosea vilevile.

Sisi Walutheri tusilione hili kuwa jambo la Marekani tu. Mwaka 1524 Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi, chenye nyimbo za Luther ndani yake, na Luther akakiandikia dibaji. Mwaka uliofuata Luther alimwita Walter amsaidie muziki wa ibada ya Kijerumani. Luther alikuwa mpiga kinanda cha nyuzi na mwimbaji, tena mtunzi wa tuni, lakini hakuona haya kumwita mwenye ujuzi zaidi.

Tena, ndugu msomaji, fungua Warumi 16:22. Katikati ya salamu za Paulo, mwandishi aliyeshika kalamu anajitaja kwa jina na kuwasalimu wasomaji katika Bwana. Waraka ni wa Paulo. Hakuna aliyewahi kuutilia shaka kwa sababu ya Tertio. Jina la msaidizi halikupunguza mamlaka ya mtume hata kidogo.

Kwaya zetu zina watunzi wanaopokea wimbo shambani au jikoni wasijue kuuandika, na walimu wanaokesha wakiupangia sauti nne. Albamu ikitoka, mara nyingi jina moja tu ndilo linalochapwa kwenye jalada. Amri ya nane, kama Luther alivyotufundisha katika Katekisimo Ndogo, hutudai tumnenee jirani yetu mema. Kulitaja jina lake palipo na kazi yake ni kuanza kuitii. Wino wa jina la pili haugharimu kitu.