Kumbukumbu, Hifadhi na Mtandao: Uhakiki wa Istilahi za Kompyuta

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kazi inayoifanya ikiwa pamoja na wenzake. Kwa kipimo hicho, msamiati wa Kiswahili wa vifaa vya kompyuta una mafanikio na una dosari.

Dosari kubwa imo katika neno kumbukumbu. Hutumiwa kwa sehemu inayoshika data wakati mashine inafanya kazi, na ambayo hufutika umeme ukatikapo. Tena hutumiwa kwa diski, ambayo hubaki na data hata mashine ikizimwa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba kazi yake imo katika kumbukumbu hawezi kujua kama ataikuta kesho. Kuipa diski neno hifadhi kunasaidia, lakini hakumalizi tatizo. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayodumu, na aliyehifadhi Kurani ameiweka moyoni, si kabatini. Maneno haya yaliingiliana kabla ya kompyuta kufika. Ndiyo maana hayana budi kufungwa kwa vielezi vyake: kumbukumbu ya muda, hifadhi ya kudumu.

Mtandao ni uteuzi bora zaidi, kwani mzizi wake, tanda, unaleta taswira ya kitu kilichoenea. Hata hivyo neno hili limebebeshwa mzigo mzito: ni nyaya za ofisi moja, ni intaneti nzima, na ni mawimbi ya simu. Fundi akiambiwa mtandao umekatika, hajui aanzie wapi. Kipanga njia, kifaa kinachopeleka data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kinaeleza kazi yake chenyewe. Ila kisifupishwe kuwa kipanga, maana huyo ni ndege mla vifaranga.

Wapo wanaolaumu ukopaji wa biti na baiti. Lawama hiyo haina msingi. Biti 8 hufanya baiti 1. Kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, na ukubwa wa diski kwa baiti. Njia ya megabiti 100 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12.5 katika sekunde hiyo. Neno moja la asili, hata likiwa tamu, lingezaa kosa la mara nane.

Basi usanifishaji usiwe wa neno mojamoja. Istilahi zinazopakana ziundwe pamoja, zijaribiwe karakanani na darasani, ndipo ziingizwe kamusini.